Kona za Kitabu cha Masanja

Mwalimu Mwita alipofariki mwezi uliopita, watoto wake walinipigia simu wakaniomba niwatengenezee kijitabu cha mazishi. Sikushangaa. Hapa Mugumu nina duka la stationari, nachapa kadi za harusi, ratiba za ibada na mabango ya mikutano, na watu husema kazi yangu inatuliza macho. Kijana wake mkubwa alinitumia wasifu kwa simu: mlezi wa vipaji, mwanzilishi, baba wa sanaa ya kurasa za vitabu katika wilaya zetu. Nilikuwa nimeshika kikombe cha chai na kipande cha chapati, na vyote viwili vikanishinda. Kilichonipata hakikuwa huzuni. Kilikuwa kinyaa, kile kile cha zamani, kinachoanzia chini ya kitovu kikapanda taratibu mpaka kwenye shina la ulimi na kukaa hapo. Nilijibu kwamba nitaifanya kazi, maana mteja ni mteja, na nikaifanya vizuri. Niliacha kingo pana nyeupe pande zote nne, nikaweka picha ya marehemu juu kidogo ya katikati, nikayapa maneno nafasi ya kupumua. Kila aliyekishika kile kijitabu alikisifia. Hayo yote nilifundishwa na yeye.

Mazishi yalikuwa Kisaka, nyumbani kwake. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki chini ya turubai, na pembeni yangu alikaa mama mmoja mnene aliyekuwa akijipepea kwa kijitabu changu. Wasemaji walipokezana kipaza sauti, kila mmoja akipanda juu ya mwenzake kama watu wanaoshindana mnadani. Mmoja akasema marehemu alikuwa na kipaji cha kuchukua kitu kilichotupwa na kukipa heshima. Nilicheka puani, yule mama akadhani nalia, akanipa kitambaa chake. "Pole mwanangu," akasema, ingawa na mimi nina wajukuu. "Alikuwa baba yako?" Nikamwambia alikuwa mwalimu wangu. "Basi ni baba," akasema. Kwetu marehemu hasemwi vibaya, na siku ile sikumsema. Baada ya kaburi tuligawiwa wali na nyama; mafuta yalikuwa yameganda pembeni mwa sahani, nzi wanatua na kuondoka, na mimi nikasukuma sahani yangu chini ya kiti. Njiani kurudi Mugumu niliamua nitauandika ule mwaka wangu wa Kerende, kwa sababu wasifu umeuruka.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne Issenye, matokeo yametoka, na matokeo yenyewe tusiyaongelee. Nilichokuwa nacho ni mkono. Nilikuwa nachora, nakata karatasi, naandika herufi kubwa za mabango ya shule bila kutumia rula. Mtu mmoja akamwambia mjomba wangu kwamba Kerende, kule kwenye machimbo, kuna fundi wa kujalidi vitabu ambaye siku hizi anatengeneza picha kutokana na kurasa za vitabu vikuukuu na kuwauzia wageni wa hoteli za mbugani, na anatafuta binti mwenye mkono mwepesi. Nikabeba begi langu nikaenda. Karakana yake ilikuwa chumba kimoja kirefu nyuma ya mgahawa wa Mama Robi, chenye ukuta wa matofali ya kuchoma usiopigwa plasta na dirisha moja lililotazama choo. Mimi nililala kwenye stoo ya mgahawa, kati ya magunia ya muhogo mkavu. Mpaka leo nikipita sokoni nikasikia harufu ya makopa ya muhogo, najikuta nimeziba pua kabla sijajua kwa nini.

Harufu hiyo ilikuwa ndiyo maisha yetu, maana gundi tulipika wenyewe kwa unga wa muhogo. Ikiwa mpya inanukia uji. Ikilala kwenye sufuria inaanza kuchacha, inatoa povu la kijivu juu, inanuka mdomo wa mtu mgonjwa. Mende walizama humo. Mwalimu aliwatoa kwa ncha ya brashi, akawarusha sakafuni, akaendelea kupaka. Na brashi hiyo hiyo aliilamba ili nywele zake zikae pamoja. Alikuwa mtu mrefu, mtanashati, shati limepigwa pasi, kucha zimekatwa vizuri, na alikuwa akilamba ile brashi. Rangi nyeusi tulipata kwa masizi ya sufuria za Mama Robi, nyekundu kwa udongo, na rangi ya uzee tuliipata kwa samadi. Tuliloweka samadi ya ng'ombe kwenye ndoo, tukachuja kwa kitambaa, tukapitisha yale maji juu ya karatasi ili ionekane imekaa miaka mingi. Mgeni anapenda kitu kizee, alisema Mwalimu. Nilikuwa nikiwaza wale wageni, na miwani yao ya jua, wakizitundika sebuleni kwao huko waliko, wakizisogelea na kusema ni nzuri, na pua zao ziko mbele ya kinyesi.

Lakini lazima niseme na hili, nisije nikaonekana mtu wa chuki tupu: alijua kufundisha. Somo langu la kwanza lilikuwa la maharage. Tulikuwa tunakula mchana, ugali wa muhogo na mtama na maharage ya kuchemsha, naye akachukua maharage matatu kutoka kwenye sahani yake akayaweka juu ya ukurasa mtupu. "Sogeza," akaniambia. "Sogeza mpaka jicho likae." Nikayaweka kwa mstari, akasema jicho limechoka. Nikayarundika katikati, akasema sasa ukurasa umebeba mzigo tumboni. Nikasogeza moja likaenda mbali na mawili, chini kidogo, na ghafla nikaona: lile moja lililo mbali lilikuwa zito kama yale mawili, kwa sababu ya ule uwazi uliolizunguka. Hiyo ndiyo mizani, akasema, na mizani haina maana ya kugawa sawa kwa sawa. Kisha akayaokota yale maharage yote matatu kwenye karatasi akayatia mdomoni, na midomo yake ikabaki na wino wa masizi wa kazi ya asubuhi. Nilikuwa nimefurahi na nimechefukwa kwa wakati mmoja, na ndivyo mwaka wote ulivyokwenda.

Alinifundisha kwamba giza likikaa karibu na mwanga ndipo jicho linapokimbilia. Kwamba kila ukurasa uwe na mahali pamoja tu ambapo jicho linafikia kwanza. Kwamba mistari ya maandishi ni mapigo ya ngoma tayari, mchoraji asiyavuruge bila sababu. Tuliangalia ukurasa uliochapwa, tukazungushia kwa penseli maneno machache ya kubaki, mengine yote tukayafunika kwa rangi, na juu yake tukakata umbo la twiga au ndege. Nilidhani tunachagua maneno kwa maana yake. Siku moja nilitumia asubuhi nzima kutafuta kwenye kitabu cha kilimo maneno yatakayosema kitu kuhusu mvua. Mwalimu akaja akafuta alama zangu, akazungushia "tumbo" na "hata hivyo." Nikamuuliza yana maana gani. "Moja fupi, moja refu," akasema. "Wanaonunua hawasomi Kiswahili, Ghati. Neno ni umbo." Twiga akatoka hivyo, shingo ndefu na "tumbo" chini ya kwato zake, akanunuliwa.

Vitabu tulivyokata vilikuwa, mwanzoni, vile ambavyo mchwa walikuwa wameshavimaliza nusu. Hapo sikuona tatizo. Kitabu kilicholiwa ni heri kiwe ndege kuliko kufungia maandazi. Lakini Mwalimu alikuwa bado anajalidi pia. Watu walimletea Biblia zilizoachana, vitabu vya shule, madaftari ya wahasibu wa machimbo, yeye akavishona upya na kuvipiga gamba. Kujalidi kuna desturi yake: ukishashona, unabana kitabu kwa vibao, unakata kingo zote tatu kwa kisu kirefu ili kurasa zikae sawa. Mwalimu alikuwa na kichaa cha kingo. Alipenda ukingo mweupe, mpana, safi, kwenye kitabu na kwenye picha. "Nafasi tupu ndiyo heshima ya ukurasa," alisema. "Mtu mwenye adabu haongei muda wote." Karatasi alizokata zilianguka kwenye debe chini ya meza, na debe likijaa Mama Robi alilibeba. Kwa muda mrefu sikujiuliza anakolipeleka. Nilidhani anawashia moto.

Masanja alikuja na kitabu chake siku ya Jumapili, tukiwa mezani. Alikuwa mchimbaji, kijana aliyetoka Usukumani, mpole, aliyekuwa anaongoza kwaya ya wachimbaji pale kambini kwao. Mama Robi alimpenda kwa sababu alimaliza chakula chake. "Mura, kaa," akamwambia, akimwita kijana kwa lugha ya kwetu, akampakulia supu ya utumbo ambayo hakuiagiza. Masanja akatoa kifuani kitabu cha nyimbo kilichofungwa kwa mpira wa baiskeli. Mgongo ulikuwa umekatika, kurasa zinachungulia nje. Mwalimu akakifungua, na mimi nikaona kona. Kila ukurasa, chini kulia, palikuwa na alama ya kidole gumba, ya kijivu, vumbi la mawe ya dhahabu lililochanganyika na jasho. Kurasa nyingine alama ilikuwa nyepesi, nyingine ilikuwa nzito mpaka karatasi imekuwa laini kama ngozi.

"Hiki kitabu kinahitaji kuoga," Mama Robi akasema, na sisi tukacheka.

"Mikono haitakati, mama," Masanja akasema. "Hata nikisugua kwa mchanga. Vumbi limeshaingia kwenye mistari ya kidole." Akamgeukia Mwalimu. "Nina ombi. Usinikatie pembeni. Shona tu."

"Bila kukata hakitakaa sawa."

"Kisikae sawa. Taa za kambini ni hafifu, nambari sizioni. Nikipapasa kona najua huu ndio wimbo tunaoupenda, kona yake imelegea. Ukikata nitakuwa kipofu."

Mwalimu akatabasamu lile tabasamu lake la kumwonea mtu huruma, akasema atakishona bila kukata. Masanja akamaliza supu, akaramba na kijiko, akaondoka. Kitabu kikawekwa kwenye rafu juu ya meza yangu.

Habari ya duara ilitufikia mchana, kabla kitabu hakijashonwa. Duara ndivyo wachimbaji wanavyoliita shimo lao la kushukia, na la kina Masanja lilikuwa limetitia na watu wamo ndani. Mgahawa wote ulitoka mbio, na ugali ukabaki mezani. Walichimba kwa majembe, kwa ndoo, kwa mikono. Wawili walitolewa, mmoja akiwa hai. Masanja hakutolewa. Kila walipofukua, kifusi kilishuka tena, mpaka wazee wa kambi wakasema itoshe, wasije wakawafukia na wafukuaji. Wakasali juu ya lile shimo, wakaimba bila kiongozi wa kwaya, wakaanza vibaya na kumaliza vibaya. Nililia siku ile, na sikuwa namjua sana. Mama Robi alirudi akaosha sahani zote, hata zile safi.

Siku chache baadaye mzee wa kambi alikuja karakana. Hakutaka kukaa. Akasema wamempelekea habari mama yake Masanja, na mama amejibu kwamba kwao mtu ambaye mwili haukupatikana huzikwa kwa kitu kilichokaa mkononi mwake, ili kaburi lisiwe la uongo na roho yake isibaki inatangatanga kwenye kazi za watu. Nguo alizokuwa nazo alishuka nazo, blanketi na viatu vilikuwa vimeshagawanywa kambini. Kimebaki kitabu. Mama anatafuta nauli, atakuja mwenyewe kukichukua. "Kipo salama?" akauliza. Mwalimu akanyoosha mkono akakigusa pale kwenye rafu. "Kipo salama, mzee," akasema. Niliyasikia maneno hayo kwa masikio yangu mawili, na ndiyo maneno niliyokuwa nayawaza Kisaka, kipaza sauti kikipita kwa watu.

Nikaenda nyumbani Issenye kusaidia kuvuna. Niliporudi, mahindi yakiwa ghalani, rafu ilikuwa tupu na ukuta umejaa. Mwalimu alikuwa amepata oda ya hoteli mpya, walitaka picha za kutundika kwenye korido, zote za aina moja. Alikuwa amezitundika zikauke, zimejipanga kwa mstari: mbayuwayu wanaruka kutoka kwenye mistari ya nyimbo, mbawa zao zimekatwa kutoka kwenye beti, na kila picha imekaa katikati ya weupe mpana usio na doa. Hakupaka samadi safari hii. Nilisimama mlangoni na begi langu, na jambo linalonitia kinyaa zaidi ya yote, zaidi ya mende na brashi, ni kwamba zilikuwa nzuri. Zilikuwa kazi bora kuliko zote alizowahi kufanya. Jicho liliingia chini kushoto, likapanda na ndege wa kwanza, likapumzika kwa wa mwisho, likatoka kwenye ule weupe. Nilizisoma vizuri kwa sababu yeye ndiye aliyenifundisha kusoma.

"Hiki ni cha Masanja," nikasema.

"Kilikuwa. Mwenyewe hayupo tena."

"Mama yake anakuja."

"Mama yake hasomi. Atapewa kitabu kingine cha nyimbo, vipo dukani, tena kipya." Alikuwa anaongea huku akinyoosha ukingo wa picha kwa kidole chake kisafi. "Ghati, karatasi ile ilikuwa laini ajabu. Hujapata kuona karatasi kama ile. Ilikuwa chafu tu kwenye kona."

Nikaacha begi nikaenda chooni, kwa sababu nilikuwa nimetoka safari ndefu na kwa sababu sikutaka aone uso wangu. Choo cha Mama Robi kilikuwa cha mabati, na ukutani palikuwa na waya uliopindwa kama ndoana ambao daima ulikuwa na vipande vya karatasi. Nilikuwa nimevitumia mwaka mzima bila kuviangalia. Siku ile niliviangalia. Vilikuwa kona. Vipande vya pembetatu na vipande vyembamba, vimechomwa katikati na waya, na juu ya kila kimoja kidole gumba cha kijivu. Nilitapika hapo hapo, kwenye tundu, nikiwa nimeshika bati. Mpaka leo sijui vilivyokuwa vimeshatumika vilikuwa vingapi, na sitaki kujua. Vilivyobaki nilivichomoa kwenye waya kimoja kimoja, nikavipeleka stoo, nikavitia kwenye kopo tupu la maziwa ya unga, nikalilalia kichwani kila usiku. Mama Robi nilipomwambia alikaa kwenye kigoda, akafunika mdomo kwa khanga. "Nilidhani ni uchafu wa kawaida," akasema. "Yesu wangu, mtoto alikuwa anakula kwangu." Hakumsemesha Mwalimu tangu siku hiyo, ila aliendelea kumpakulia, maana alikuwa mpangaji wake.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikuondoka siku ile ile. Watu wa umri wangu tunapenda kuwasimulia wajukuu kwamba tulikuwa jasiri. Ukweli ni kwamba nilibaki kwa ajili ya mama wa Masanja. Mtu angefika na angemkuta Mwalimu peke yake na maneno yake. Nilimjua Mwalimu. Alikuwa na maneno ya kila kitu. Kwa hiyo nilipika gundi, nilichuja samadi, nilikata twiga, na kila mchana nilikaa mbele ya sahani ya ugali nikiutazama unapoa. Nilikonda mpaka majirani wakaanza kunihesabia ujauzito.

Alifika asubuhi, ameongozwa na Mama Robi. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, miguu ina vumbi mpaka magotini, amejitanda khanga mbili zilizofifia. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kuniangalia, macho yanatafuta rafuni. Mwalimu akasimama, akampa kiti, akamwita mama kwa sauti ya kanisani.

"Nimeambiwa kitabu cha mwanangu kipo kwako, Mwalimu," akasema.

"Pole sana mama. Pole mno. Kile kitabu kimeliwa na mchwa."

Aliyasema akiwa amemtazama usoni. Nyuma yake ukutani mbayuwayu walikuwa wanaruka. Yule mama hakulia. Alikaa tu na mikono yake mapajani, kama mtu aliyeambiwa gari limeshaondoka. "Mchwa," akasema. "Wote?"

"Mama, si mchwa," nikasema. Nikaenda stoo nikaleta lile kopo. Mwalimu aliniita jina langu mara moja, kwa ukali, na Mama Robi, aliyekuwa hajamsemesha tangu siku ile, akamwita baba kwa lugha ya kwetu: "Tata, nyamaza." Nikapiga magoti nikafungua kopo, nikamwagia zile kona kwenye khanga yake.

Akaokota moja akaileta puani. "Zinanuka choo," akasema.

"Zilikuwa chooni, mama. Nimezitoa. Nyingine zilikuwa zimeshakwenda."

"Nani alizipeleka?"

"Kitabu alikikata Mwalimu. Mabaki yalikwenda chooni kama tulivyozoea."

Akachukua kona nyingine, akaigeuza kwenye mwanga wa dirisha, akaweka gumba lake juu ya lile la kijivu. Gumba lake lilikuwa dogo kidogo. "Ndiye," akasema. "Alipokuwa mtoto kidole hiki kilibanwa na mlango, kikapona na mkato. Huu hapa."

Mwalimu alikuwa ameshindwa kukaa. Alichukua ukutani ile picha iliyokuwa bora, ya ndege watano, akamletea kwa mikono miwili. Nadhani aliamini anafanya wema, na hilo ndilo ambalo sijawahi kulimeza. "Mama, hizo ni taka," akasema. "Chukua hii. Ni kurasa zake zile zile. Hii ndiyo inayomheshimu. Mzike na hii."

Aliipokea. Aliiangalia kwa makini kuliko mgeni yeyote niliyewahi kumwona akiangalia kazi yetu, juu, chini, pembeni, akapitisha kiganja kwenye ule weupe.

"Ni nzuri," akasema. "Ni nzuri sana, Mwalimu. Lakini hii haina mtu."

Akamrudishia. Mwalimu akabaki nayo mkononi, kisha akairudisha kwenye msumari, akarudi nyuma hatua chache, akafumba jicho moja. "Ghati," akasema bila kugeuka, "imenyooka?" Nikaitazama. Ilikuwa imenyooka. Nikamwambia imenyooka, nikaenda kuchukua begi langu.

Tulingoja gari barabarani, mimi na yule mama, mbele ya kibanda kilichofungwa. Hakuniuliza ninakwenda wapi. Alikaa chini, akanyoosha miguu, akatandaza khanga mapajani na kona zikiwa juu yake, zimejichanganya ovyo, nyingine zimeangalia huku, nyingine kule, nyingine zimelala kifudifudi. Alizitazama kwa wasiwasi. Akajaribu kuzipanga, akasita, akaondoa mkono.

"Wewe umesoma," akasema. "Nionyeshe juu ni wapi. Nisije nikamlaza mwanangu kichwa chini."

Nikapiga magoti pembeni yake. Nyingine zilikuwa na nambari ya ukurasa, nyingine zilikuwa na mwisho wa neno, "-ni," "-wa," "-ia," na hizo zilikuwa rahisi, nilizigeuza zikasimama. Nilizipanga zikaribiane, bila kuacha nafasi yoyote kati yake, mpaka khanga ikajaa. Zilibaki zile zisizo na herufi hata moja, karatasi tupu na doa. Hizo nilifuata kidole.